Nyongeza Haipimwi

Jumapili moja baada ya ibada, Kasiva Ndeti alikuwa chumbani kwake mtaani Kabiria, Nairobi, mikono ya blauzi ameikunja, anapiga mayai ya keki ya mtoto wa jirani, mara mlango ukabishwa. Aliufungua kwa kiwiko. Mbele yake alisimama mwanamume asiyemjua, mrefu, suti ya kanisani imembana mabegani, amepakata kitu kilichofunikwa leso gubigubi kama mtoto mchanga.

"Sasa, madam," mgeni alisema kwa adabu. "Nimeambiwa hapa ndio mnapima."

Kasiva akaitazama leso, akalitazama jua. "Umepotea, kaka. Kliniki ya watoto iko kule juu, nyuma ya mashine ya kusaga. Na leo imefungwa. Lakini mbona umemfunika hivyo? Atakosa pumzi!"

Mgeni akainama kuangalia alichobeba. "Huyu? Huyu hana pumzi."

Mwiko ukamponyoka Kasiva. Majirani waliokuwa wanaanua nguo wakageuka. Yule mwanamume alipoona uso wa msichana umebadilika rangi, ndipo akaelewa, akaifunua leso upesi. Ndani yake mlikuwa na mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, ule wa kilo moja, wa tangu zamani, rangi imebanduka hata jina halisomeki, ukingo umebonyea hapa na pale.

"Pole, pole sana! Ni mkebe. Ni wa mathe, mama yangu. Nimeufunika usigongwe."

Kasiva alicheka mpaka akaegemea mlango. Mtu aliyemtia hofu namna ile na kumchekesha papo hapo hawezi kuachwa nje, kwa hiyo akamkaribisha ndani na kumpa stuli.

Aliitwa Mwaura. Mwenye duka la pale chini ndiye aliyemwelekeza: kuna msichana wa Kikamba ana mizani kama ya kupimia dhahabu. Maneno hayo yalikuwa na ukweli wake. Kasiva alisomea sayansi ya chakula chuo kikuu, akavaa joho, akapigwa picha, na tangu hapo alikuwa akituma maombi ya kazi ambayo hayajibiwi. Alipookaokea watu keki akapata visenti, kitu cha kwanza kununua kilikuwa mizani ile, nyembamba kama sahani, yenye tarakimu zinazowaka kijani. Wapangaji wenzake walimwita Daktari wa Unga. Hakuudhika. Aliamini kabisa kwamba ugomvi mwingi wa jikoni, na pengine wa duniani, ungekwisha kama watu wangepima vitu vizuri.

"Mimi naosha vyombo mjini," Mwaura alieleza. "Jiko la Madam Debra, nyuma ya Mtaa wa Biashara. Tunapikia mikahawa yake yote, ya mjini, ya Westlands, na hiyo ya Kitisuru. Sasa siku moja nilibeba mandazi ya mathe, yangu ya chai. Madam akapita, akauliza hiyo ni nini. Nikampa moja. Akala. Akachukua ya pili bila kuuliza."

"Ehe."

"Akaniambia, Mwaura, niletee hii mapishi imeandikwa kwa gramu, halafu uyapike mbele yangu. Ukiweza, unatoka kwa sinki, unakuja kwa jiko."

"Kwa nini gramu?"

"Kwake kila kitu ni gramu. Anasema kikombe cha Kitisuru si kikombe cha mjini." Mwaura akakuna kichwa. "Nikamuuliza mathe. Akaniambia: unga kilo mbili, sukari nusu kilo, maziwa kikombe tatu, siagi kijiko, hamira, iliki. Nikaandika. Nikapika mbele ya Madam."

"Yakawaje?"

"Nilidondosha moja. Sahani ikavunjika."

Kasiva alijiuma mdomo asicheke tena.

"Madam amenipa mpaka Alhamisi. Hiyo ndio ya mwisho. Nikikosea narudi kwa sinki, na hata usiniambie kitu, nitazeekea huko." Alisema hivyo huku anatabasamu, lakini vidole vyake viliuzungusha mkebe magotini bila kutulia.

"Hizo kilo mbili za unga," Kasiva akauliza, "ulizipima wapi?"

"Kupima ya nini? Pakiti imeandikwa kilo mbili. Nikamwaga yote."

"Na mama yako hununua pakiti?"

"La. Yeye ananunua mfuko mkubwa, anachota na hii." Akaugonga mkebe kwa kucha. "Hii ndio kilo."

Kasiva alivuta mizani mezani. Akaweka mkebe mtupu, akafuta uzito wake kwa kubonyeza kitufe, kisha akamwambia Mwaura ajaze unga kama mama yake anavyojaza. Mwaura alichota, akaugonga mkebe mezani mara chache unga ushuke, akaongeza ukajaa, akasawazisha kwa mgongo wa kisu. Akaupandisha juu ya mizani na kukaa akingojea kilo.

Mizani ikasoma gramu mia sita na arobaini.

"Mizani yako imechoka," Mwaura alisema.

Kasiva akaweka juu yake pakiti ya sukari ambayo haijafunguliwa. Mizani ikasema kilo moja na vigramu vichache vya karatasi. Mwaura aliinama hadi pua ikakaribia tarakimu.

"Yaani miaka yote mathe anaita hii kilo, kumbe ni mwongo?"

"Si mwongo. Mkebe huu ulitoka dukani na kilo ya mafuta ndani. Mafuta yamejibana, hayana nafasi. Unga una hewa katikati. Ukijaza pale pale palipojaa mafuta, unapata unga kidogo na hewa nyingi."

Mwaura aliwaza. "Kama krispi," akasema. "Unanunua pakiti kubwa, ukifungua, upepo."

"Hasa! Kama krispi." Kasiva alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi darasani. "Wewe ulimwaga kilo mbili kamili juu ya maziwa yaliyopimwa kwa unga wa mikebe miwili. Ndiyo maana sahani ilivunjika."

Keki ya mtoto wa jirani ikasogezwa kando. Walipima sukari ya nusu mkebe, nayo ikaja karibu na nusu kilo, kwa kuwa sukari ni nzito na haibebi hewa nyingi. Walipima maziwa, wakapima siagi, hata iliki ikapimwa, ingawa mizani ilisitasita kama inayoulizwa swali la kitoto. Kasiva aliandika kila kitu kwa mwandiko wa kupendeza. Wakakanda, wakasubiri unga uumuke, wakakata, wakatia kwenye mafuta ya moto.

Mandazi yalizama, yakaibuka shingo upande, yakalala kwenye mafuta kama watu waliochoka na safari. Mwaura alitafuna moja polepole, macho juu.

"Hii si jiwe tena," alisema mwishowe.

"Ni nini?"

"Ni sponji. Ya kuosha vyombo." Alipoona Kasiva amenyong'onyea, akaongeza haraka, "Lakini tumepiga hatua, Daktari. Sahani yako iko salama."

Kinyunya kilikuwa kimelainika mno, hilo Kasiva alilihisi tangu wakati wa kukanda. Alirudia hesabu, akaipima mizani yenyewe kwa pakiti nyingine. Namba zilikuwa sawa na mandazi hayakuwa sawa. Palikuwa na kitu ambacho Mama Mwaura alikifanya na hakukisema.

"Kesho nitakwenda kumwona anavyopika," alisema.

"Atakupenda," Mwaura alijibu. "Lakini mizani yako hataipenda."

*

Mama Mwaura, ambaye jina lake hasa ni Wanjugu, alikaangia mandazi nje ya lango la nyumba za zamani za Woodley, kando ya ua wa michongoma, lakini kinyunya alikikanda ndani, kwenye chumba chake cha nyuma. Kasiva alifika asubuhi umande haujakauka. Mwenyeji alitokea mlangoni, mwanamke mnene, kitambaa cheupe kichwani, macho ya kuchangamka.

"Wewe ndiye Mkamba wa mizani?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Shikamoo ni ya shuleni. Salimia mtu hapa!" Akampa mkono, akaukamata wa Kasiva, akautikisa mpaka bega. "Karibu ndani. Hiyo kitu yako iache hapo nje."

"Mama, ndiyo iliyonileta."

"Basi ikupeleke. Mkamba na Mkikuyu, na mizani katikati! Majirani watadhani tunauziana mbuzi."

Kasiva alicheka, lakini Mama Mwaura hakuwa anatania tu. Alisema chakula kinachopimwa kwa mashine ni cha wagonjwa. Alisema baraka zina aibu. Ukianza kuzipima-pima zinaona kwamba zimeshukiwa, zinaondoka zake. Mwanawe alikwishamweleza habari ya kilo isiyo kilo, naye aliipokea kama mtu anayeambiwa kwamba jirani yake wa siku nyingi ana jina jingine. "Sawa," alisema, "lakini mimi nitaendelea kumwita lile nililolizoea."

Kasiva hakubishana. Wazee wa kwao Machakos walimfundisha kwamba mlango ukikataa kusukumwa, pengine unavutwa. Akauliza, "Na huu unga ulioko kwenye beseni, mama, umeshaingia baraka?"

"Bado. Huo ni wa duka."

"Naweza kupima beseni lenyewe, nje hapa? Kabla hujachota, na baada ya kuchota. Sitagusa kinyunya chako."

Mama Mwaura alimtazama, akaguna, akacheka kwa pua. "Watoto wa siku hizi mna akili ya wakili. Pima beseni lako."

Kwa hiyo beseni likapimwa barazani, likarudishwa ndani. Mama Mwaura akachota mkebe wa kwanza. Ko, ko, ko, akaugonga mezani. Akasawazisha kwa mgongo wa kisu, akamwaga karaini. Akachota wa pili, ko, ko, ko. Kasiva hakuuondolea macho mkebe ule. Wakati wote mama alikuwa akizungumza: jogoo wa mwenye nyumba amekuwa mlevi, anawika adhuhuri; mchungaji mpya anahubiri kama anayewahi basi; Mwaura alikuwa mtoto mzito hata akachelewa kutembea, ndio maana hata leo hana haraka. Sukari ikaingia. Hamira ikaingia. Mikono ikaanza kukanda.

Kasiva alitoka na beseni, akapima tena. Alikunja uso. Unga uliopungua ulizidi mikebe miwili. Haukuzidi sana, lakini ulizidi.

"Mama, unga mwingine umekwenda wapi?"

"Unga gani?"

"Beseni limepungukiwa zaidi ya ulichochota."

"Haya sasa!" Mama Mwaura aliliambia karai. "Nimekuwa mwizi wa unga wangu mwenyewe."

"Hapana, mama, sikusema hivyo..."

"Umesema. Mizani yako ndiyo imesema. Mimi nimechota mikebe miwili, wewe ulikuwa umekaa hapo ukinitolea macho kama polisi. Kweli au uongo?"

"Kweli."

"Basi mwambie huyo shahidi wako arudi shule."

Lakini palikuwa na karai la pili la kukandwa, maana wateja wa Woodley ni wengi. Safari hii Kasiva aliacha kuutazama mkebe. Alimtazama mtu. Mkebe wa kwanza, ko, ko, ko. Mkebe wa pili, ko, ko, ko. Mama alikuwa amerudia habari za jogoo, na pale jogoo alipofikia kuwika adhuhuri, mkono wake wa kulia ukarudi wenyewe kwenye beseni, ukachota ukufi wa unga, ukaudondosha karaini juu ya ule mwingine, ukapangusana na mwenzake.

"Na hiyo?" Kasiva aliruka.

"Hiyo nini?"

"Hiyo ya mkono!"

Mama Mwaura aliutazama mkono wake kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa kwake. "Aa, hii? Hii si kipimo. Hii ni nyongeza."

Kila aliyewahi kununua maharagwe soko la Kawangware anajua jambo hili. Muuzaji anajaza gorogoro, ule mkebe wa kupimia, mpaka pomoni, anasawazisha, anamimina kwenye mfuko wako. Wewe huondoki. Unashika mfuko wazi, unatazama pembeni kama uliyesahau kitu, hadi achote tena kwa mkono na kukudondoshea. Hiyo ndiyo nyongeza. Ukifika nyumbani ukaulizwa umenunua nini, unasema gorogoro moja ya maharagwe. Hakuna aliyewahi kusema gorogoro moja na mkono mmoja. Nyongeza haitajwi, kwa sababu ni zawadi, na zawadi ikitiwa kwenye hesabu inageuka deni.

"Lakini mama, hapa muuzaji ni nani?"

"Ni mimi."

"Na mnunuzi?"

"Ni mimi. Najichotea, najiongeza." Mama Mwaura akainua mabega. "Nisipojiongeza mimi, nani ataniongeza?"

Kasiva alikaa chini kwenye ndoo iliyofunikwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Mama Mwaura, ambaye mwanzoni hakujua kinachochekesha, akaambukizwa. Mapishi yote yalikuwa yamesimama juu ya ule mkono mmoja, na wala mama hakumficha mwanawe. Aliulizwa vipimo, akataja vipimo.

Beseni likapimwa mara ya tatu. Tarakimu za kijani zikatulia, Kasiva akatoa uzito wa mikebe miwili, akapata namba. Namba yenyewe ilikuwa ndogo, na haitaandikwa hapa.

Mama Mwaura aliacha kukanda. "Umeipata?"

"Nimeipata, mama!"

"Hiyo usiiandike."

Kasiva alidhani ni utani mwingine. Haukuwa utani.

"Nisikilize, mami," Mama Mwaura alisema kwa sauti ya chini. "Huyo Madam wa mjini simjui, labda ni mtu mzuri. Lakini karatasi haina mama. Ukiandika yote mpaka mwisho, atampa karatasi mtu yeyote, na yule mtu atapika. Halafu mwanangu ni wa nini? Atarudishwa kwa sinki na mandazi yangu yakibaki kwa jiko. Andika kila kitu. Ukifika hapo, andika nyongeza. Wacha kuwe na mahali mkono wake unaitwa."

"Mapishi yenye pengo si mapishi, mama. Nimesomea hayo."

"Si pengo. Si umeliandika? Nani umemdanganya?"

Kasiva alikuwa na imani yake kuhusu kupima, na imani hiyo haikuwahi kukutana na mama wa mtu ana kwa ana.

"Na Mwaura mwenyewe?"

"Huyo kabisa usimwambie. Mwanangu ni mwema, akiulizwa mara mbili atasema, na ataongeza samahani juu. Mimi nitamfundisha kwa mkono. Namba ni yako na yangu. Utaniahidi?"

"Nakuahidi."

Mikono ya mama ilikuwa imejaa kinyunya, kwa hiyo alimnyoshea kifundo cha mkono, na Kasiva akakishika, kama wanavyosalimiana watu walio kazini.

Jioni hiyo Kasiva alipika peke yake Kabiria, kwa gramu tupu, na ile namba ndogo ndani yake. Mandazi yalivimba kama mashavu ya mtoto anayepuliza, yakageuka yenyewe kwenye mafuta. Alikula matatu akiwa amesimama. Namba ilikuwa sahihi.

*

Alhamisi, jiko la Madam Debra lilinukia vitunguu na sabuni. Mwaura alikuwa amemwomba Kasiva aje na mizani yake, kwa sababu, alisema, ile ya kazini ilimtazama vibaya. Madam Debra alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, miwani imepandishwa kwenye nywele, viatu vya raba. Aliwasalimu, akavuta kiti, akaikunjua karatasi aliyoiandika Kasiva.

Mwaura alipima unga. Alipima sukari na maziwa, midomo inacheza kimyakimya. Kisha akaisogeza mizani kando, akafumba macho kidogo, akachovya mkono kwenye unga na kuudondosha. Siku tatu mama yake alikuwa amemkandisha Woodley asubuhi na jioni, akimpiga kofi la mkono kila alipochota kama mchoyo au kama mlevi. Sasa mkono ulikuwa unajua.

Mandazi yalipovimba, mmoja wa wapishi akapiga mluzi. Madam Debra akachukua moja likiwa bado la moto, akalihamisha mkono hadi mkono, akaling'ata. Mwaura alisimama kama anayesomewa hukumu. Madam alimaliza. Akachukua la pili bila kuuliza.

"Kaulize aproni yako stoo," alisema mdomo umejaa. "Jumatatu uko kwa jiko. Ni majaribio, Mwaura, usianze kufanya harusi. Nitaangalia unavyokwenda."

Mwaura akaenda stoo akigonga bega kwenye fremu ya mlango.

Madam Debra akashusha miwani na kuirudia karatasi. "Huu mwandiko ni wako?"

"Ndiyo, Madam."

"Umesomea wapi?" Kasiva akamwambia. Madam akaitika, akanyanyuka, akatoa kabatini boksi lililojaa vikaratasi. "Njoo uone mateso yangu. Haya ndiyo mapishi ya wapishi wangu wote. Soma chochote."

Kasiva akachomoa kimoja. Mchele: sufuria ile ya buluu. Chumvi: kiasi. Kingine: nyanya za ishirini, dania ya kumi.

"Nyanya za ishirini!" Madam Debra alipiga meza. "Shilingi ishirini za mwaka gani? Aliyeandika ameshastaafu! Siku hizi ishirini hupati hata mbegu. Na hiyo sufuria ya buluu ilitoboka, tukaitupa, tangu hapo wali wetu una tabia kama hali ya hewa."

Kasiva alicheka, na huku anacheka moyo wake ulikuwa umeanza kwenda mbio. Alikwisha kuona namna ya kuanza: kumkalisha kila mpishi, kumtazama mikono, kupima kabla na baada. Alijua angeamka kila siku kabla ya kengele ya simu.

"Nataka mtu wa kuyageuza yote haya yawe gramu," Madam Debra alisema. "Kazi ya mwezi kwa mwezi, mkataba. Nimetafuta mtu nikachoka. Wale waliosoma hawataki kuingia jikoni, na walioko jikoni wanaandika kiasi. Wewe naona unaweza. Tuanze na hii hapa." Akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho. "Nyongeza: mkono wa Mwaura. Ni gramu ngapi?"

"Hiyo sitaweza kusema, Madam."

"Hukupima?"

Angeweza kuitikia kwamba hakupima, na jambo lingeisha hapo. "Nilipima. Namba ninayo. Nimeahidi kutoitaja."

Madam Debra alivua miwani. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Mwaura ana mikono miwili. Mimi nina mikahawa mitatu. Akiugua je? Akipata kazi kwingine?"

"Anaweza kuwafundisha wengine. Mkono unafundishika, nimeona. Na akikubali siku moja umpime, hiyo ni yake kutoa."

"Nakuuliza wewe, sasa. Yeye yuko stoo, hasikii. Hakuna atakayejua imetoka kwako. Namba moja tu, Kasiva, halafu boksi hili ni lako."

Kasiva aliliangalia boksi. Alimkumbuka baba yake, aliyekuwa akimpigia simu kila Jumapili na siku hizi hata haulizi tena habari za kazi, anauliza tu kama mvua imenyesha Nairobi. Alijua Madam Debra hakuwa mtu mbaya. Alijua pia kwamba kwa ile namba, mtu yeyote mle ndani angeweza kupika mandazi ya Mama Mwaura kabla ya Jumatatu, na hayo majaribio ya Mwaura yangeweza kuishia kwa sinki kwa urahisi sana.

"Hapana, Madam," alisema. "Nisamehe."

"Siwezi kumpa kazi hii mtu anayeniachia pengo kwenye karatasi ya kwanza. Unaelewa?"

"Naelewa."

Mwaura akarudi na aproni iliyomfika juu ya magoti, uso wote meno. "Nimetokeaje?"

"Kama bwana harusi aliyeazimwa nguo," Kasiva alimwambia, na wapishi wakaangua kicheko, naye Mwaura akajizungusha ili waone na mgongo.

Kasiva akaifuta unga mizani yake, akaiingiza mkobani. Madam Debra alikuwa bado ameshika karatasi, kalamu imenyanyuliwa juu ya mstari wa mwisho, anamtazama. Aliendelea kumtazama mpaka mlangoni, kama anayempa nafasi nyingine. Kasiva akamuaga Mwaura, akamuaga na Madam, akashuka ngazi kuelekea Mtaa wa Biashara bila kuitaja ile namba.